Kuitana kwa Majina

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili ngeli za majina, ufundishaji wa insha na upungufu wa vitabu vya kiada. Safari hii tunaomba ruhusa ya wasomaji tuzungumzie jambo ambalo kila mwalimu analijua, ingawa si wengi walioliandika: uhusiano wa watu waliosoma pamoja, na kazi ya kukutana tena baada ya miaka mingi. Tumesema kazi kwa makusudi. Aghalabu mikutano ya wanafunzi wa zamani hudhaniwa kuwa ni karamu tu, yaani watu kula, kunywa, kupiga picha na kuchekana mvi. Kwa darasa letu, lililohitimu stashahada ya ualimu mjini Bujumbura mwaka 2001, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Tulipoanza kupanga mkutano wa kutimiza miaka 25, fedha za chakula zilipatikana kwa muda wa majuma sita. Lakini mahali pa kukutania, siku ya kukutana na namna ya kuyataja majina ya darasa, mambo haya matatu yalituchukua karibu mwaka mzima.

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, bali binadamu hukutana. Methali hii ni ya kweli, ila imeacha neno moja bila kulisema. Sisi tunaoishi chini ya milima ya Bujumbura twaweza kuongeza kwamba binadamu nao hawakutani tu, kama maji ya mito yanavyokutana ziwani. Lazima awepo wa kuita, na lazima awepo wa kuitika.

Uhusiano wa waliosoma pamoja si jambo dogo katika historia ya nchi zetu. Shule ya Astrida, iliyoanzishwa na watawa wa Kikatoliki mwaka 1929 katika mji unaoitwa leo Huye, nchini Rwanda, ilikusanya vijana wa Rwanda na wa Burundi katika madarasa yaleyale. Mwanamfalme Louis Rwagasore alikuwa mmoja wao. Huko Kongo, katika miaka ambayo Wabelgiji hawakuruhusu vyama vya siasa vya Waafrika, vyama vya wanafunzi wa zamani viliachwa viendelee. Chama cha waliosoma kwa mapadri wa Scheut, kilichojulikana kwa jina la ADAPES, kilianzishwa mwaka 1925. Na Joseph Kasa-Vubu, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo mwaka 1960, alipata kuwa katibu wake mkuu. Kule Makerere, Julius Nyerere, aliyesomea ualimu huko kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, aliunda chama cha ustawi wa Watanganyika pamoja na wanafunzi wenzake Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu. Baadaye Nyerere na Tibandebage walifundisha shule moja mjini Tabora.

Hatuyataji haya kwa kujifananisha na wakubwa hao. Tunayataja ili ieleweke kwamba watu waliokaa dawati moja wana kitu ambacho serikali, dini na biashara hujitahidi kukijenga kwa gharama kubwa, nacho ni kuaminiana bila kujitambulisha. Mtu uliyemwona akifeli mtihani wa fonetiki, akakuona nawe ukilala darasani, hana haja ya kukuonyesha cheo chake. Ndiyo sababu uhusiano wa namna hii una nguvu. Na ndiyo sababu ukivunjika, huvunjika vibaya.

Darasa letu lilikuwa na wanafunzi 38. Tulianza masomo mwaka 1998, wakati nchi ingali vitani, na wakati vikwazo vya kiuchumi vilivyowekwa na nchi jirani mwaka 1996 vingali vinaumiza. Vilisimamishwa Januari 1999. Karatasi zilikuwa adimu. Daftari moja lilikatwa katikati kwa kisu, wanafunzi wawili wakagawana. Vitabu vya sarufi vilikuwa vitatu kwa darasa zima, vikizungushwa kwa zamu, na ole wake aliyeshikwa na malaria zamu yake ilipofika. Usiku kulikuwa na amri ya kutotembea, ambayo iliondolewa mwaka 2006. Hivyo ilipofika jioni kila mmoja aliharakisha kurudi kwao.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Katika miaka ya 1994 na 1995 mitaa ya Bujumbura iligawanyika kwa damu. Wahutu walifukuzwa katika mitaa fulani, Watutsi wakafukuzwa katika mitaa mingine, hata Kamenge ikahesabiwa kuwa ya upande mmoja, Musaga na Ngagara zikahesabiwa kuwa za upande wa pili. Darasani tulikaa pamoja, tukaazimana kalamu, tukanakiliana maelezo ya somo. Jioni, mabasi ya kaskazini yalichukua watu wake, na mabasi ya kusini yakachukua watu wake. Tulisoma miaka mitatu bila kuzijua nyumba za wenzetu. Hatukujua mama wa fulani ana sura gani, wala baba wa fulani hufanya kazi gani, wala nani hulala juu ya mkeka na nani hulala kitandani. Urafiki wetu ulikuwa wa mchana tu.

Baada ya kuhitimu tulitawanyika kama mbegu za mtama mikononi mwa mpandaji. Wengine walipelekwa kufundisha Ngozi, Ruyigi, Makamba na Bururi. Hatukuwa na simu wakati huo. Barua zilikabidhiwa madereva wa mabasi, na mara nyingi habari za wenzetu tulizisikia katika matangazo ya vifo redioni. Ni jambo la huzuni kukiri, lakini kwa miaka kadhaa tangazo la msiba ndilo lililokuwa mkutano wetu. Mtu alisikia jina, akafunga safari, akawakuta wengine wanne au watano kaburini, wakasalimiana kwa sauti ya chini, wakaachana.

Katika mojawapo ya misiba hiyo, mwaka 2008, wenzetu sita walisimama chini ya mwembe baada ya maziko wakakubaliana kuanzisha kikundi cha kuchangiana, ambacho hapa Burundi watu hukiita ikirimba. Kila mwezi kila mmoja alitoa kiasi kidogo alichoweza. Kanuni ziliandikwa kwenye ukurasa mmoja, na ya kwanza ilikuwa fupi: msiba kwanza, ugonjwa pili, harusi tatu, karamu mwisho. Kwa kanuni hiyo tumezika, tumelipia hospitali, tumesindikiza mabinti kwa waume zao. Karamu tu ndiyo iliyokuwa bado. Simu za mkononi zilipoenea tuliunda kundi la kuandikiana, na majina yaliyopotea yakaanza kurudi moja moja, jina hili kutoka Nairobi, jina lile kutoka Ubelgiji.

Leo hesabu ya darasa letu ni hii: 16 tuko ndani ya nchi, 11 wako nje, 9 wamefariki, na wawili hatujui waliko. Jumla ni 38. Tumeiandika hesabu hii kwa sababu kila tulipokutana wawili au watatu tuliirudia, kama mchungaji anayehesabu mifugo jioni, na kila mara ilituchukua muda kukubaliana juu ya wale wawili wa mwisho.

Tuseme neno kuhusu lugha, maana hili ni jarida la walimu wa Kiswahili. Chuoni hatukusomea Kiswahili. Tulisomea Kifaransa na Kirundi. Kiswahili kilikuwa lugha ya Buyenzi, ya sokoni na ya bandarini, na baadhi ya wakufunzi wetu hawakukiona kuwa kitu cha kufundishwa. Katikati ya miaka ya 2000 kilipoingizwa katika shule za msingi, na nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, wengi wetu tulilazimika kurudi kuwa wanafunzi ili tuweze kukifundisha. Jambo ambalo hatukulitazamia ni kwamba lugha hiyo ndiyo ingekuwa lugha ya darasa letu lililotawanyika. Mwenzetu aliyeoa Nairobi anatuandikia pamoja na mkewe. Mwenzetu wa Uvira, ambaye mji wake tunauona ng'ambo ya ziwa, watoto wake hawajui Kirundi. Mwenzetu aliyeko kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, hufundisha watoto wa wakimbizi kwa mtaala wa Burundi asubuhi, na jioni huzungumza Kiswahili na majirani zake Wakongo. Kwa hiyo tulipoanza kuandikiana, Kifaransa kilibaki kwa mambo ya ofisi, Kirundi kwa rambirambi, na mengine yote yakasemwa kwa Kiswahili.

Tena Kiswahili kina kiambishi kimoja kidogo ambacho tumekifundisha miaka mingi bila kukitazama vizuri, nacho ni -ana. Mtu mmoja aweza kuita, aweza kukumbuka, aweza kusamehe. Lakini kuitana, kukumbukana na kusameheana havifanywi na mtu mmoja. Wanafunzi huvijibu vitenzi hivi katika mtihani kwa sekunde chache. Sisi tumechukua miaka 25 kukijibu kimojawapo.

Sasa tuje kwenye mahali. Dada yetu mmoja, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alitutolea ua wa nyumba ya wazazi wake huko Musaga. Musaga iko kusini mwa Bujumbura, pale ambapo barabara ya kwenda Ijenda na Matana inaanza kuupanda mlima. Ukipanda kidogo unaliona Ziwa Tanganyika lote chini yako, na nyuma yake milima ya Kongo. Ni mtaa wa walimu, askari, makarani, mafundi na akina mama wa sokoni. Gereza kuu la Mpimba limo humo. Ua wenyewe ni mpana, una miembe miwili, na waweza kukaliwa na watu sitini bila kubanana. Hakuna ukumbi wa kukodi ambao tungeupata kwa bei hiyo, yaani bure.

Hata hivyo mwenzetu mmoja aliyezaliwa na kukulia Kamenge aliandika kwamba yeye hajawahi kuingia Musaga maisha yake yote. Hakuandika kwa hasira. Alieleza tu kwamba mwaka 1995, akiwa kijana, kuingia mtaa ule kulikuwa ni kutafuta kifo, na kwamba tangu wakati huo, ingawa vita vimekwisha na mabasi yanapita, miguu yake haijapata sababu ya kwenda. Yule dada naye alijibu kwa upole kwamba yeye hajawahi kuingia Kamenge. Wote wawili ni walimu, wanafanya kazi katika jiji moja, wamesahihisha mitihani ya taifa meza moja, na wana umri wa zaidi ya miaka arobaini na mitano.

Palizuka mapendekezo. Wako waliosema tukodi mahali katikati ya mji, pasipo pa mtu. Wako waliosema twende Kigoma, tukipitia Mugina na Manyovu, ili wenzetu walioko Tanzania wasikose. Pendekezo la Kigoma lilikuwa zuri, lakini mkimbizi wa Nyarugusu hatoki kambini bila kibali, hata akiitwa na Kigoma ambayo iko mkoa uleule. Tena mpaka wa Rwanda ulikuwa umefungwa upya na serikali yetu Januari 2024, na uhaba wa mafuta ulikuwa umefanya safari ya kilomita mia moja kuwa jambo la kupangwa kwa siku kadhaa. Wenzetu wengine waliondoka mwaka 2015, wakati Musaga ilipokuwa miongoni mwa mitaa ya maandamano, na wana sababu zao za kutorudi ambazo hatukuona vema kuwahoji.

Mwishowe ni yule wa Kamenge mwenyewe aliyekata shauri. Alisema mahali pasipo pa mtu si mahali pa kukutania watu. Atakuja Musaga, lakini kwa sharti moja: mkutano utakaofuata ufanyike uani kwao, na dada yetu awe wa kwanza kufika. Dada yetu alikubali. Wale wa nje wasioweza kuvuka mipaka watakutana huko waliko kwa saa ileile, hata wakiwa wawili tu, na chakula chao kitalipiwa na mfuko wa wote.

Baada ya mahali ikaja siku. Hapa wenzetu walioko nje walitoa pendekezo ambalo sisi walimu wa Kiswahili tulilishangilia mara moja: tarehe 7 Julai. Wasomaji wanajua kwamba Mkutano Mkuu wa UNESCO uliitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, Novemba 2021, na kwamba ni siku ambayo chama cha TANU kilizaliwa mjini Dar es Salaam mwaka 1954, kikakifanya Kiswahili kuwa silaha ya kuunganisha watu. Shule zimefungwa wakati huo, mvua hakuna, na siku ni kubwa. Tulikwisha kuanza kugawana kazi, nani atanunua mchele, nani atatafuta samaki aina ya mukeke, nani ataleta urwarwa.

Ndipo dada yetu wa Musaga alipoandika mstari mmoja: "Siku hiyo mimi huwa makaburini."

Tarehe 7 Julai 2003 waasi waliishambulia Bujumbura kutokea milimani, wakaingia mitaa ya kusini, Musaga ikiwa mojawapo. Mapigano yaliendelea kwa muda wa wiki nzima. Watu wengi waliuawa, maelfu kwa maelfu wakakimbia makwao wakiwa na magodoro vichwani. Miongoni mwa wapiganaji waliokufa mlikuwamo watoto, na wakazi wa Musaga walioziona maiti hizo hawajazisahau. Kaka mdogo wa dada yetu alipigwa na kipande cha kombora akiwa anachota maji. Alikuwa na umri wa miaka 17. Ua ule tuliopewa bure ndio ua alimofia.

Kwa siku tatu hakuna aliyeandika kitu katika kundi letu. Kisha mmoja akasema, kwa nia njema, kwamba tupige kura, kwa kuwa kila siku ya mwaka katika nchi hii ina marehemu wake, na tukianza kuzikwepa hatutabaki na siku. Hoja hii ina ukweli mkubwa ndani yake. Oktoba ina 1993. Aprili ina 1972 na 1997. Ukitaka siku isiyo na damu katika kalenda ya Burundi utahitaji miwani mikali sana. Hata hivyo aliyekuwa kiranja wetu chuoni, mtu asiyependa maneno mengi, alijibu hivi: "Karamu tunaweza kuipigia kura. Kilio cha mwenzetu hatuwezi." Basi neno likaishia hapo. Siku ilihamishwa hadi Jumamosi ya kwanza ya Agosti 2026, adhuhuri, baada ya kazi za maendeleo za asubuhi. Na tarehe 7 Julai haikufutwa. Wale tulioko Bujumbura tulikubaliana kumsindikiza dada yetu makaburini siku hiyo, jambo ambalo kwa miaka yote hiyo alilifanya peke yake na mama yake. Yule wa Kamenge alijiandikisha wa kwanza.

Jambo la tatu, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, ni majina. Desturi ya mikutano kama huu ni kusoma orodha ya darasa. Msomaji husimama, huita jina, na aliyepo huitika. Akitajwa marehemu, watu husimama kimya. Tulidhani hili halina ubishi, kwa kuwa kuita orodha ndiyo kazi yetu ya kila asubuhi. Lakini mwenzetu mmoja alituomba tusiisome orodha kabisa. Mjomba wake alikuwa mwanafunzi mwaka 1972.

Vijana wanaosoma jarida hili pengine hawajui maana ya ombi hilo, basi tulieleze. Kuanzia mwisho wa Aprili 1972 na katika miezi iliyofuata, watu wenye orodha waliingia katika shule, vyuo na Chuo Kikuu, wakawaita kwa majina wanafunzi na walimu Wahutu, wakawapandisha magari. Hawakurudi. Katika nyumba nyingi, tangu siku hizo, kusomewa jina mbele ya watu ni jambo la kutetemesha. Tarehe 21 Oktoba 1993, huko Kibimba, wanafunzi Watutsi walitengwa na wenzao na kuteketezwa kwa moto; ukumbusho wao uko kando ya barabara hadi leo. Katika nchi yetu, kwa hiyo, darasa limewahi kugawanywa mara nyingi, mara kwa karatasi, mara kwa kidole.

Lakini liko pia darasa lililokataa. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 kundi la waasi liliivamia seminari ndogo ya Buta, huko Bururi, likaingia katika bweni la wanafunzi wa madarasa ya juu na kuwaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huko. Vijana wale walikataa kutengana. Waliuawa 40. Mkuu wa seminari wakati huo, Padri Zacharie Bukuru, aliokoka na baadaye akaandika kitabu juu yao. Wamezikwa palepale Buta, na kila mwaka ifikapo tarehe 30 Aprili watu hukusanyika kuwakumbuka. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki nchini Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza kuwa wafiadini wa udugu. Wangekuwa hai leo, wangekuwa watu wa rika letu, wenye mvi na watoto wa sekondari, na pengine wangekuwa wanabishana kama sisi juu ya bei ya mchele na siku ya kukutana.

Tulipokumbushana habari za Buta tulielewa kwamba ubishi wetu haukuwa juu ya karatasi. Orodha ni kitu kisicho na moyo. Humtumikia yeyote anayeishika. Orodha ileile inayomwezesha mwalimu kujua nani hakuja na amletee dawa, ndiyo iliyomwezesha mwuaji kujua nani yupo. Lakini vijana wa Buta walipoambiwa watengane hawakutazama karatasi. Walimtazama aliyesimama kando yao.

Kwa hiyo tuliamua kwamba pale Musaga hapatasomwa orodha. Tulikuwa na madawati 19, watu wawili wawili. Kila mmoja atamwita kwa jina yule aliyekaa naye dawati moja. Aliye hai na yupo ataitika "Nipo." Aliye mbali ataitikiwa na dawati lake kwa kutaja mahali aliko. Aliyefariki, mwenzake atasema jambo moja tu analomkumbukia, fupi, lisilo la kusifu kupita kiasi. Na kama wote wawili wa dawati moja wamefariki, dawati la nyuma yao litawaita.

Palibaki wale wawili tusiojua waliko. Wako waliotaka wahesabiwe na marehemu, ili jambo liishe. Lakini mama wa mmoja wao bado yu hai, na kila mwaka hununua daftari jipya na kuliweka rafuni kwa ajili ya mwanawe, kwa sababu alipotoweka alikuwa amemwomba daftari. Mwalimu wa lugha anajua kwamba marehemu ni neno la mtu aliyerehemiwa, na kwamba halipewi mtu kwa kukisia. Basi tumeafikiana kwamba wao watakapoitwa, dawati lao litajibu "Tunamngoja." Si jibu la kuridhisha, lakini ndilo la kweli.

Tumeyaandika haya kwa ajili ya walimu wenzetu, na tunapenda kumalizia kwa ombi lenye manufaa. Madaftari ya mahudhurio ya shule zetu nyingi yameliwa na mchwa, mengine yaliungua vitani, mengine hutumiwa kufungia karanga. Sisi tulipotaka kujua nani alikaa na nani mwaka 1998, ofisi haikuwa na kitu. Ilitubidi tukusanye kumbukumbu za watu 27 waliotufikia, na kwa madawati mawili tulibishana majuma kadhaa mpaka picha moja ya zamani, iliyoletwa kutoka Ubelgiji, ikatuamua. Mwalimu, hata kama unafundisha watoto themanini chini ya paa la bati linalovuja, chukua daftari moja mwanzoni mwa mwaka, chora madawati, andika majina mawili mawili mahali wanapokaa, uliweke nyumbani kwako na si ofisini. Usiandike kabila, wala dini, wala mtaa. Andika nani anakaa na nani, basi.

Siku moja watakutafuta. Watakuwa watu wazima, wengine wamevuka mipaka mitatu, na watauliza swali ambalo sisi tulihangaika kulijibu: ni nani hasa aliyekaa karibu yangu? Tungefurahi kusikia kutoka kwa wasomaji wa Kigoma, wa Uvira, wa Kigali na kwingineko namna madarasa yao yanavyoitana, maana mkutano wetu wa Kamenge bado haujapangiwa tarehe, na mashauri mema tunayahitaji.